Kifungu cha Kufunga Visima

Lumbwe, Mikumi
8 Machi 1998

Kaka Kasian,

Shikamoo. Mimi na mama tumesalimika. Kambi ya kipindupindu ilifungwa juzi. Tumechoma mikeka na vitanda vya kamba, nami nimerudi kulala nyumbani kwa mara ya kwanza tangu mvua zile zianze. Mama alinichemshia maji ya kuoga, akakaa mlangoni mpaka nilipomaliza, kama anayeogopa nitatoroka.

Afisa afya ameniambia kwamba wewe ndiye unayeandika sheria ndogo za Bodi yetu mpya ya Maji. Ndiyo maana nakuandikia haraka, kabla hujamaliza.

Unamkumbuka Kondo, yule fundi baiskeli jirani yetu. Binti yake mdogo alifia mikononi mwangu mwezi wa kwanza. Maji aliyokunywa yalitoka kisima cha nyuma ya kilabu, hatua chache kutoka choo kilichofurika. Nilimfuata mwenye kisima nikamwambia akifunge. Akaniuliza, "Kwa sheria gani, nesi?" Sikuwa na jibu. Watu waliendelea kuteka pale, na wengine niliwazika.

Kaka, niandikie hilo jibu. Andika kwamba Bodi ikiona kisima kina hatari inakifunga siku hiyo hiyo, bila kungoja kikao wala mahakama. Na usiache mwanya kwa kisima cha mama. Najua Lumbwe nzima inakunywa pale, lakini najua pia vyoo vya shule viko upande gani. Mvua ikizidi tena kidogo tu, yatakuwa yale yale.

Usimwambie mama kwamba nimekuandikia hivi.

Mdogo wako,
Sesilia


Kilosa
21 Machi 1998

Mdogo wangu Sesilia,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu barabara ya huko ilikatika, na huku reli nayo imekatika upande wa Kidete. Ofisini tunakaa na viatu vya matope. Pole sana kwa uliyoyaona. Nilimjua yule mtoto wa Kondo.

Ni kweli naandika sheria hiyo. Serikali inajitoa katika kugawa maji, kama inavyojitoa katika mengine siku hizi. Wafadhili wamesema hawatatoa hata kipande cha bomba mpaka iwepo Bodi yenye mamlaka yake kamili. Kwa hiyo naiandikia mamlaka: kuingia uani mwa mtu na kukagua, kukata maji, kufunga chanzo, kushtaki. Ukiyasoma kwenye karatasi yanaonekana ya kawaida. Nikilala nayawaza yakiwa mikononi mwa mtu.

Mtu mwenyewe unamjua. Anayetajwa kuwa mwenyekiti ni Bwana Melkizedek, mwenye nyumba ya wageni pale barabara kuu na gari la kuuza maji. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema bomba lenu linatoka kijito cha mlimani, na kila kiangazi linakauka. Siku ambayo visima vyote vimefungwa na bomba limekauka, Lumbwe itanunua maji kwa nani?

Kwa hiyo nimekuandikia kifungu chako cha kufunga visima, lakini nimekiwekea sharti: Bodi haitafunga chanzo kabla ya kuhakikisha wanaokitegemea wana maji mengine, salama, ya kutosha na ya karibu.

Kaka yako,
Kasian


Lumbwe, Mikumi
2 Aprili 1998

Kaka,

Shikamoo. Nimelisoma sharti lako mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo mgonjwa anaokolewa. Sijapaona.

Maji mengine, salama, ya kutosha na ya karibu. Tungekuwa nayo hayo, nani angekunywa kisima cha kilabu? Umeandika kwamba mpaka tupate kila kitu, watu waendelee kunywa sumu. Kondo alinisikia nikilisoma barazani, akaniambia, "Kaka yako hajawahi kumbeba mgonjwa kwenye machela."

Nikuulize jambo moja, na unijibu kama ndugu. Ungeliweka sharti hilo kama kisima cha mama kisingekuwepo?

Sesilia


Lumbwe
19 Aprili 1998

Mwanangu Kasian,

Nakuandikia mwenyewe kwa mkono wangu, uvumilie herufi. Watu wanasema kwenye foleni ya kisimani kwamba kuna sheria inakuja kufunga visima, na kwamba inaandikwa na mtoto wa Hildegarda. Wanaume wananisalimia kwa adabu zaidi siku hizi kuliko zamani. Hilo limenitia wasiwasi.

Kisima hiki tulichimba mimi na marehemu baba yako mwaka tulioacha mashamba ya mkonge. Yeye alikuwa chini na mimi juu, navuta udongo, wewe umefungwa mgongoni. Si kwamba nataka kukitetea kwa sababu hiyo. Nataka kujua tu, wakikifunga, watu hawa wataniuliza mimi maji yako wapi. Niwaambie nini?

Sesilia hali chakula vizuri. Usimwulize, atajua ni mimi niliyesema.

Mama yako


Kilosa
30 Aprili 1998

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Herufi zako ni nzuri kuliko zangu.

Waambie hivi: hakuna mtu atakayefunga kisima cha Lumbwe kabla maji mengine hayajafika. Nimeliandika mimi mwenyewe katika sheria, nalo haliwezi kupindwa. Lala bila wasiwasi.

Mwanao,
Kasian


Lumbwe, Mikumi
27 Julai 1998

Kaka Kasian,

Shikamoo, na asante.

Leo sheria imesomwa mbele ya ofisi ya kata. Ilipofika kwenye kifungu cha visima nilitega sikio, nikingoja lile sharti lako. Halikuja. Bodi inaweza kufunga chanzo chochote inachoona kina hatari, siku hiyo hiyo, na maji mengine yatatolewa "kadiri itakavyowezekana." Nilitaka kucheka na kulia. Nilikuandikia vibaya ule mwezi wa nne, nawe ukanyamaza, kumbe ulinisikia ukaliondoa. Nisamehe.

Kisima cha kilabu kimefungwa leo leo. Kondo ndiye aliyebeba upande mmoja wa zege la kufunikia.

Sesilia


Kilosa
10 Agosti 1998

Sesilia,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kisima cha kilabu kimefungwa.

Kazi ni nyingi, sina mengi ya kuandika. Bomba linatoa? Mama anasemaje?

Kasian


Lumbwe, Mikumi
14 Septemba 1998

Kaka,

Sijui nianze na salamu ipi. Shikamoo.

Bodi walikuja kwetu Jumanne: Melkizedek, karani wake, mafundi na mgambo. Mimi nilijua watakuja, maana mimi ndiye niliyewaambia kisima chetu kiwe katika awamu ya kwanza, watu wasije wakasema nesi anafunga vya wenzake. Sikumwambia mama. Nilidhani ataelewa akishaona.

Mama alikuwa anaanua nguo. Akawakaribisha, akawatolea viti. Melkizedek aliposema walichokuja kufanya, mama hakushtuka hata kidogo. Akamwambia, kwa upole, "Baba, hamuwezi. Mwanangu ameandika kwenye sheria kwamba hamfungi mpaka mlete maji mengine." Alisema mbele ya foleni nzima ya kina mama. Melkizedek akamtazama karani, karani akafungua kitabu cha sheria, akasoma kifungu kile pole pole. Akakisoma tena, kwa kuwa mama alimwomba arudie.

Mgambo mmoja akacheka. Mama akaniangalia mimi, akauliza, "Sesilia, ndivyo ilivyo?" Nikasema ndivyo.

Akakunja nguo zake akaingia ndani. Tangu siku ile anapika, anakula, ananiitikia, lakini kisima hakitaji.

Niambie, kaka. Ulimwahidi? Na kama ulimwahidi, aliyeliondoa sharti ni nani?

Bomba limekauka. Linadondosha alfajiri, kisha linapuliza upepo. Gari la Melkizedek linapita jioni, na wasio na cha kununulia wanateremka kijitoni, kwenye vidimbwi vilivyobaki chini ya pale ng'ombe wanaponyweshwa. Nimezungumza na Bodi. Wanasema sheria inawaruhusu kufunga, lakini haiwalazimishi kuleta maji kwa tarehe yoyote. Nimekisoma tena kifungu hicho. Wanasema kweli.

Sesilia


Kilosa
20 Septemba 1998

Mdogo wangu,

Sikuliondoa. Madiwani waliliondoa kwa kura mwezi wa sita. Walisema litawatisha wafadhili, na Bodi haitafanya kazi. Kilipozungumzwa kipindupindu, nilisimama kujibu, nikakumbuka barua yako. Nikakaa.

Uliponishukuru nilipaswa kukuambia. Nilifurahi kushukuriwa na wewe. Mama nilipaswa kumwambia siku ile ile ya kura. Kila wiki nilikaa kumwandikia, nikajiambia labda waziri, anayeidhinisha sheria ndogo, atalirudisha sharti, labda mvua itawahi. Ameaibishwa mbele ya majirani zake kwa neno langu.

Chemsheni maji. Gawa klorini, hata ya kuazima. Nakuja mara nitakaporuhusiwa.

Kasian


Lumbwe, Mikumi
11 Oktoba 1998

Kaka,

Usingoje ruhusa.

Kondo amefariki. Waliniletea akiwa macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Drip nilizokuwa nazo ziliisha kabla gari la hospitali halijafika. Alikuwa akinywa kijitoni. Alikataa kununua maji ya Melkizedek kwa sababu alisema Bodi itatimiza, tuwape muda. Mpaka mwisho alikuwa anaitetea sheria, kaka, kwa ajili ya binti yake. Aliniuliza kama kisima cha kilabu bado kimefungwa. Nikamwambia kimefungwa.

Tulimzika jana. Watu walipotoka makaburini, mama hakwenda msibani. Alikwenda nyumbani akatoka na mtaimbo wa baba. Ilikuwa mchana, watu wote wanaona. Akavunja kufuli, akatia mtaimbo chini ya mfuniko, lakini mfuniko ukamshinda uzito. Hakuna aliyemsogelea. Wanaogopa faini, wanaogopa kifungo.

Nilimsogelea mimi. Tuliuinua pamoja. Nikamwambia, "Mama, maji haya hayafai kunywewa hivi hivi." Akasema, "Basi leta dawa yako." Nikaenda zahanati nikaleta klorini, nikapima, nikatia, nikawaambia watu wasiteke mpaka niwaruhusu. Wakakaa chini wakangoja. Nami nilingoja pamoja nao, sijui kama nawaokoa au nawaua.

Leo asubuhi polisi wamemchukua mama. Niliwaambia kwamba hata mimi nilishika mfuniko. Mkuu wa kituo akasema aliyetajwa kwenye malalamiko ya Bodi ni mmoja. Kesi itasomwa Alhamisi. Nimeambiwa mwanasheria atakayesaidia Bodi kuendesha mashtaka atatoka Kilosa, na sijui Kilosa mko wangapi.

Hakuna aliyeugua leo. Nahesabu saa.

Sesilia


Kilosa
12 Oktoba 1998

Sesilia,

Barua yako imeletwa na kondakta mpaka mezani kwangu. Tuko mmoja tu, mimi.

Nimekwenda kwa mkurugenzi nikamwambia siwezi kumshtaki mama yangu, na kwamba nitakwenda kutoa ushahidi upande wake. Alinisikiliza vizuri. Akaniuliza kama nimefikiria kazi yangu. Nikasema ndiyo, ingawa sikuwa nimefikiria.

Mpelekee mama sweta. Nasafiri kesho. Usimwahidi chochote kwa niaba yangu.

Kasian


Kilosa
2 Novemba 1998

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nilipanda basi siku ile bila kukuaga sawasawa, kwa kuwa ulikuwa umezungukwa na watu, nami nilishindwa kuwapenya. Acha niseme kwa barua.

Hakimu aliponiuliza, "Wewe ndiye uliyeandika sheria hii, unakuja kuniambia isifuatwe?" niliona umeinua kichwa. Nilimjibu kwamba sikuja kusema isifuatwe. Nilikuja kusema kilichokuwemo kikaondolewa, na kwamba nilimpa mama yangu neno lisilo la kweli kisha nikanyamaza, na yeye alivunja kufuli akiwa hana maji wala ukweli. Sikuandaa maneno hayo. Nilikuwa nimeandaa mengine, ya kisheria.

Hukumu ilinichoma na kunituliza pamoja. Ni kweli ulivunja kifungu, na hakimu hakuweza kusema vinginevyo. Kukuachia kwa masharti ya mwaka mmoja ilikuwa huruma yake. Lakini yale aliyoandika mwishoni, kwamba mamlaka ya kumfungia mtu maji hayawezi kutengana na wajibu wa kumpatia mengine, yamesomwa hapa mezani kwa madiwani. Wamekubali kifungu kirekebishwe. Sharti limerudi, kwa hiyo kisima chako kinabaki wazi kwa sasa. Wameongeza pia kwamba nesi wa zahanati ya eneo awe mjumbe wa Bodi, na kisima kisifungwe bila sahihi yake. Melkizedek amebaki mwenyekiti, lakini magari ya kuuza maji sasa yanakaguliwa kama visima.

Mimi nimehamishiwa kitengo cha masoko. Napima meza za wauza nyanya. Usihuzunike. Nalala.

Nisamehe, mama.

Kasian


Lumbwe, Mikumi
24 Februari 1999

Kaka Kasian,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mabomba ya wafadhili yalifika mwezi uliopita, na bomba la Lumbwe sasa linatokea chanzo cha juu zaidi. Linatoa maji asubuhi. Siku nyingine linatoa mpaka saa tano, siku nyingine linakatika kina mama wa mwisho wakiwa bado foleni. Mchana halitoi.

Mvua zimeanza mapema. Vyoo vya shule vimejaa, na juzi maji ya kisima cha mama yalibadilika rangi. Natia klorini kila siku, lakini kuna siku itanishinda. Bodi imeniletea karatasi ya kukifunga. Wote wametia sahihi. Inangoja yangu.

Niliwahi kukuandikia kwamba mamlaka hayo yatumike bila kungoja kitu. Sasa yako mezani kwangu, na nimekaa nayo tangu Jumapili. Sheria inasema maji mengine yawe ya kutosha. Kaka, ya kutosha ni kiasi gani? Ndoo ngapi kwa nyumba? Saa ngapi? Hukuandika. Nikitia sahihi na bomba likakauka, nimerudia kosa la Septemba. Nisipotia, na mtoto akaletwa zahanati, nitamwambia nini mama yake?

Niambie wewe uliyeandika.

Sesilia


Kilosa
28 Februari 1999

Mdogo wangu,

Sikuandika kiasi kwa sababu sikukijua. Nilikaa na kalamu kwenye neno hilo siku nzima. Nikiandika ndoo kadhaa, nilimwona mwenye watoto wengi. Nikiandika zaidi, niliona Bodi isiyoweza kufunga kisima hata kimoja. Nikaliacha wazi, nikitumaini kwamba atakayelitumia atakuwa mtu anayewajua wanaoteka.

Siwezi kukuchagulia. Nitakuambia tu kwamba ukitia sahihi, nenda kamwambie mama wewe mwenyewe, kabla ya mtu mwingine. Mimi nililikosa hilo.

Kasian


Lumbwe
9 Machi 1999

Mwanangu Kasian,

Nimepata sukari uliyonitumia, asante.

Kisima kimefungwa wiki iliyopita. Sesilia alikuja jikoni usiku wa kuamkia siku hiyo, akakaa kwenye kigoda, akaniambia yote, mpaka lile la mwaka jana kwamba yeye ndiye aliyewaelekeza waanze na chetu. Nilikuwa nalijua. Nilimwacha aseme mwenyewe. Kisha nikamwambia choo cha shule hakitahama kwa sababu baba yenu alichimba hapa, nikampa uji, akanywa.

Asubuhi mfuniko niliushika upande mmoja na yeye upande mwingine. Kina mama walisimama wakitutazama. Baadhi yao hawanisalimii. Wanasema watoto wa Hildegarda mmoja aliandika na mwingine akafunga. Siwajibu, maana ndoo zao hazijai kama zamani, nami naziona.

Sasa naamka mapema kwenda bombani. Mke wa Kondo hunishikia nafasi. Kila siku Sesilia anapita pale kabla ya kwenda zahanati, anasimama mbali kidogo karibu na ua wa shule, kama mtu anayengoja gari. Hasogei mpaka asikie maji yameanguka kwenye ndoo ya kwanza. Halafu anaondoka haraka. Anadhani sijamwona.

Mwandikie wewe, mimi nikimwambia atalia. Mwambie namwona, na leo maji yametoka.

Mama yako